Kiganja cha Shosho Juu ya Jivu

"Unajuaje kule kuna moto na hujafika?" Mwanangu aliniuliza jana, na badala ya kumjibu nikasikia harufu ya jivu la jikoni kwetu Kiamunyi.

Ilikuwa tarehe 30 Desemba 2023. Siku hiyo chombo cha angani cha Juno kilikuwa kimepita kilomita 1,500 hivi juu ya Io, mwezi wa Jupita. Mimi nilikuwa na picha za miezi ya nyuma, zilizopigwa na JIRAM, kifaa cha Waitaliano kilichomo kwenye Juno, kinachosoma joto kwa mawimbi ya infraredi ya mikroni 2 hadi 5. Katika picha moja ziwa la lava la huko Io lilikuwa jeusi katikati, limezungukwa na uzi mweupe mwembamba. Pembeni nilikuwa nimeandika: dosari ya kifaa. Ziwa gani la moto liwake ukingoni tu?

Stima ikapotea. Nikafunga kompyuta, nikaenda jikoni.

Shosho alikuwa haoni vizuri tena. Jiko lilikuwa limefunikwa jivu tangu magharibi; nikaona limezima, nikalishika nikalimwage.

"Wacha kwanza."

Akanyoosha kiganja juu ya jivu bila kuligusa, akakizungusha polepole kama anayempapasa mtoto aliyelala. Katikati akapita haraka. Alipofika ukingoni, pale jivu linapokutana na udongo wa jiko, mkono ukasimama.

"Uko hapa."

Akaligonga jiko kwa kifundo cha kidole. Jivu likapasuka kandokando, na gizani likatokea duara jekundu, jembamba, lisilokatika popote.

Nilirudi kwenye kompyuta na chaji iliyobaki, nikayafuta yale maneno. Juni 2024 watafiti wa JIRAM walieleza kwamba huenda gamba la lava iliyopoa hupanda na kushuka, likisugua kuta za ziwa hadi likavunjika, na moto wa chini huchungulia hapo. Mimi usiku ule sijui kama nilielewa, au niliona mfanano tu.

Shosho sikumwambia. Nilitaka kumweleza habari za mwezi wenye volkeno zaidi ya 400, unaokandwa na mvuto wa Jupita na miezi jirani hadi ukaiva ndani. Nikasema ngoja nipate picha mpya nimsimulie vizuri. Zilipotufikia, yeye hayupo.

Jioni hii nimewasha makaa, ingawa tuna gesi, nikayafunika jivu. Nimemwambia mtoto anyooshe mkono, asiguse.