Nilivyopata picha ya MRI inayosomeka

Picha yangu ya kwanza ya MRI iliharibika kwa ushauri wa watu, na hadi leo inaniuma, maana niliuza mbuzi wawili na kukopa kwenye chama ili nifike Kampala.

Mimi ni mwalimu, nakaa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Ilianza na jicho la kushoto: nikiligeuza linauma, na rangi nyekundu naiona imepauka kama kanga ya zamani. Likapona lenyewe. Miezi ikapita, miguu ikafa ganzi, na kila nikiinamisha shingo nahisi shoti ya umeme ikishuka mgongoni. Nilitibiwa malaria, nikatibiwa presha ambayo sina, mjomba akasema nimerogwa. CT skani ikatoka safi, nikafurahi bure. Daktari wa neva ndiye aliyenieleza kwamba CT huyapita bila kuyaona mabaka mengi ya multipo sklerosisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia neva za ubongo, macho na uti wa mgongo na kuacha makovu. MRI, inayotumia sumaku na mawimbi ya redio, ndiyo huyafichua.

Sasa siku ile ya kwanza. Jirani alinisisitiza ninywe maji mengi kabla, ati damu iwe nyepesi. Ugonjwa huu hugusa hata kibofu. Mkojo ukija hausubiri. Katikati ya kipimo nikabonyeza kile kipira cha kuita, wakanitoa, nikaenda chooni, nikalazwa upya, na kichwa hakikurudi pale pale. Mwingine alikuwa ameniambia nifumbe macho, usingizi utanichukua. Kwa kelele zile? Nilikuwa nameza mate kila mara kwa hofu. Ripoti ikasema picha za shingo hazisomeki kwa sababu ya kutikisika. Laki saba na ushee zikaenda hivyo, mbali na nauli ya basi la usiku.

Safari ya pili sikumsikiliza mtu ila kijana mwenyewe wa mashine. Nilimwuliza, "Mwanangu, hiki chombo kinapiga saa ngapi?" Akanijibu, "Mama, kikilia kinapiga. Kikinyamaza, meza mate."

Neno hilo moja liliniokoa. MRI haipigi picha moja, inapiga kwa awamu, na kila awamu ina mlio wake. Mmoja ulinigongea kama fundi wa mabati, mwingine ukakoroma kama jenereta ya kinu. Kelele ikianza, nilivuta uradi moyoni bila kugusa tasbihi wala kuchezesha ulimi. Ikikatika, nilimeza mate mara moja, nikashusha pumzi, nikatulia tena. Hivyo hivyo kwa dakika arobaini na kitu. Hijabu nilivaa ya kuvuta, isiyo na pini hata moja. Mwishoni wakanichoma mkononi dawa ya gadolini, inayofanya mabaka mapya yang'ae kwenye picha; figo zangu zilishapimwa kabla, na wewe usikubali kuchomwa kama hujaulizwa habari za figo.

Picha zikatoka safi! Daktari alinionyesha mabaka meupe kandokando ya vyumba vya maji vya ubongo, yamesimama kama vidole, mengine karibu na gamba la ubongo, na moja fupi kwenye uti wa mgongo shingoni. Hilo fupi lilikuwa na maana yake, kwa sababu kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huu, na mara nyingi wenyewe huacha baka refu linalopita pingili tatu. Baka moja lilikuwa limenyonya gadolini, kwa hiyo ni jipya, la wiki chache. Mengine hayakunyonya, ni ya zamani. Picha za siku moja zikaonyesha mashambulizi ya nyakati mbili. Kwa vigezo vya McDonald vya 2017, mwongozo wa madaktari wa kutambua ugonjwa huu, na dalili zangu zile, aliweza kulitaja jina la ugonjwa bila kungoja nianguke tena. Nililia kwa faraja. Sikuwa nimerogwa.

Daini CD, msiridhike na filamu. Filamu yangu ilikunjamana ndani ya basi. CD ina kila kipande cha picha. Na kipimo cha kufuatilia mkifanye kwenye mashine ile ile kama mnaweza, la sivyo daktari atahangaika kujua kama baka ni jipya au ni tofauti ya mashine.

Mimi nilirudi baada ya mwaka, mashine ile ile, kijana yule yule. Daktari akaziweka picha za miaka miwili bega kwa bega, akayahesabu mabaka moja moja kwa ncha ya kalamu. Hapakuwa na jipya.