Collioure, Safari Isiyofika Nusu Saa

Treni ya kutoka Barcelona hupita Portbou, kijiji kidogo cha mwisho Uhispania chenye stesheni kubwa kupita kiasi, hupenya handaki chini ya mlima na kuishia Cerbère, Ufaransa. Haiendi mbele zaidi kwa sababu reli ya Kihispania ni pana kuliko ya Kifaransa. Nikiwa nasubiri treni ya pili, ya kwenda Collioure, mji mdogo wa pwani ya Ufaransa, polisi wawili walikuja kukagua hati. Walikigeuzageuza kibali changu cha ukaazi, wakanirudishia bila neno.

Mshairi wa Kihispania Antonio Machado alivuka mpaka huu jioni ya tarehe 27 Januari 1939. Barcelona ilikuwa imeanguka mikononi mwa majeshi ya Jenerali Franco, aliyekuwa akipigana na serikali ya Jamhuri katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, siku moja kabla, na karibu watu nusu milioni walikuwa wakikimbilia Ufaransa. Mvua ilikuwa ikinyesha. Yeye alikuwa na miaka 63, mgonjwa wa mapafu na moyo. Alifuatana na mama yake mzazi, Ana Ruiz, kikongwe wa zaidi ya miaka 80, na mdogo wake José na mkewe Matea. Magari yalikuwa yamekwama, wakashuka na kutembea. Mizigo yao, pamoja na karatasi za mshairi, ilibaki njiani.

Inasimuliwa kwamba mwandishi mwenzao, Corpus Barga, alimwendea ofisa wa polisi wa Kifaransa akamwambia kuwa mzee huyu kwa Uhispania ni kama mshairi Paul Valéry kwa Ufaransa. Jina la Valéry likawa ndiyo pasipoti. Wakapewa gari hadi stesheni, wakalala ndani ya behewa lililoegeshwa, na kesho yake wakashuka Collioure.

Kutoka Cerbère hadi Collioure treni haichukui nusu saa. Nilikaa upande wa bahari, mashamba ya mizabibu yakishuka hadi majabalini. Mji wenyewe umejaa watalii, dagaa wa chumvi, na nakala za picha ambazo wachoraji Matisse na Derain walichora hapa mwaka 1905. Sikukawia huko. Nilitafuta nyumba iliyokuwa hoteli ya Bougnol-Quintana, kando ya kijito ambacho mara nyingi huwa kikavu.

Corpus Barga alimbeba Mama Ana mikononi kutoka stesheni, na bibi yule, akili ikiwa imekwisha kupotea njia, alimnong'oneza: tutafika Sevilla karibuni? Sevilla, mji wa kusini mwa Uhispania, ndiko alikomzalia Antonio mwaka 1875; walihama kwenda Madrid mwaka 1883. Sijui swali jingine la mkimbizi linaloniuma kama hili.

Mfanyakazi wa reli aitwaye Jacques Baills, aliyekuwa akikaa hotelini hapo, aliliona jina kwenye daftari la wageni. Alikuwa amejifunza mashairi ya Machado katika masomo ya Kihispania ya jioni. Akauliza: ni yeye? Ni yeye. Alikuwa yule mwalimu wa lugha ya Kifaransa katika mji wa Soria, Uhispania, aliyemwoa Leonor mwaka 1909 na kumzika mwaka 1912, mwaka uleule kilipotoka kitabu chake kuhusu nyika za Castilla, eneo la kati la Uhispania; aliyeandika kwamba msafiri hana njia, njia hufanyika kwa kutembea. Sasa yeye na José, inasemwa, walishuka kula kwa zamu kwa sababu ya uhaba wa mashati.

Alifariki tarehe 22 Februari. Mama yake alimfuata siku tatu baadaye. Ndani ya mfuko wa koti, José alikuta kikaratasi chenye mstari huu: "Siku hizi za buluu na jua hili la utotoni."

Makaburi yako katikati ya mji, karibu sana na hoteli. Mwanzoni alizikwa katika kaburi la kuazimwa. Katika kaburi la sasa alihamishiwa mwaka 1958, pamoja na mama yake. Juu yake pameandikwa beti zake za zamani: siku ya safari ya mwisho mtanikuta chomboni, mzigo wangu mwepesi, karibu uchi, kama wana wa bahari. Watu hupenda kusema alijitabiria. Mimi sikubali. Mwepesi wa kwenye shairi ameamua mwenyewe kuacha mizigo. Huyu alinyang'anywa na vita. Hata maiti yake haikuachwa: mwaka 1941 serikali ya Franco ilimfukuza ualimu, na hakurudishiwa cheo hadi 1981.

Pembeni pana sanduku la barua, na watu wanamwandikia hadi leo.

Sikurudi Barcelona moja kwa moja. Nilipanda treni hadi stesheni inayofuata, Argelès-sur-Mer. Ufukwe wake ni mrefu, tambarare, mzuri kwa likizo. Februari ile ya 1939, wakimbizi wasio na Valéry wa kulinganishwa naye, watu makumi elfu, walifungiwa hapa nyuma ya seng'enge, wakichimba mashimo mchangani ili kujikinga na upepo. Miongoni mwa waliowekwa kuwalinda walikuwa askari weusi wa makoloni, waliojulikana wote kama Wasenegali, wenye bunduki na amri za Kifaransa. Wao nao walikuwa mbali na kwao, na hakuna aliyewauliza kama wangependa kuwa pale. Juni 1940, huko Chasselay karibu na Lyon, Wajerumani waliwapiga risasi makumi ya wenzao waliokwisha kujisalimisha.