Maji ya mfuko kwanza: ninavyowapokea samaki wa bahari hapa Mbeya

Samaki wangu wa kwanza wa maji chumvi walifika Mbeya usiku wa mwezi Julai, miaka kadhaa iliyopita, ndani ya boksi jeupe la kuhifadhia barafu lililosafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam. Walikuwa wanne: wawili wa jamii ya Amphiprion, wale ambao wengi huwaita clownfish, wenye mistari miwili myeupe mwilini, na tasi wawili wachanga. Nilifungua mifuko mara tu nilipofika nyumbani, nikamimina samaki na maji yao ndani ya ndoo, kisha nikatega mpira wa dripu nilioununua duka la dawa ili maji ya tangi yadondoke ndani ya ndoo tone kwa tone kwa muda wa saa mbili. Mwenzangu mmoja anayefuga samaki alikuwa ameniusia kwamba mwenda pole hajikwai, nami nilimwamini kwa moyo wote. Kabla ya jua kuchomoza watatu walikuwa wamekufa, na aliyebaki alikuwa amelala ubavu, mashavu yakipanda na kushuka kwa kasi.

Nilihuzunika sana, kwa sababu sikuwa nimefanya uzembe wowote niliouona. Nilichukua muda mrefu kuelewa kwamba ule utaratibu wa polepole, ambao unamfaa samaki aliyetoka duka la mtaa wa pili, ndio uliowaua samaki waliokuwa wamefungwa mfukoni kwa zaidi ya saa 14.

Samaki anapokaa mfukoni hutoa vitu viwili mfululizo: kaboni dioksaidi kwa kupumua, na amonia, taka yenye sumu, kupitia mashavu yake. Kaboni dioksaidi huyafanya maji yawe na uasidi zaidi, hivyo pH, kipimo cha uasidi ambacho baharini huwa karibu na 8.2, hushuka hadi 7 au chini yake. Kushuka huko ndiko kunakomwokoa, kwa kuwa katika maji ya namna hiyo karibu amonia yote hubadilika kuwa amoniamu, ambayo haimdhuru sana. Mfuko unapofunguliwa, kaboni dioksaidi hutoroka hewani, na yale matone ya maji ya tangi nayo huipandisha pH. Kila pH inapopanda kwa kizio kimoja, sehemu ya amonia iliyo sumu huongezeka takriban mara 10. Kwa hiyo samaki aliyesafiri salama kutoka pwani hadi nyanda za juu anaanza kuungua mashavu ndani ya ndoo, mbele ya macho ya mtu anayedhani anamhurumia.

Tangu nilipolielewa jambo hilo nimegeuza kazi yote. Sitafuti tena kumzoesha samaki maji ya tangi usiku anapofika. Nalizoesha tangi maji ya samaki kabla hajafika. Nina tangi dogo la karantini la lita 60, na siku mbili kabla ya mzigo kupakiwa huwa nampigia simu muuzaji.

“Kaka, naomba unipimie chumvi ya maji utakayowafungia,” nilimwambia mara ya kwanza.

“Mwalimu, hayo ni maji ya bahari tu, yana chumvi ya bahari,” alinijibu, kisha akakubali kupima. Kipimo, ambacho hulinganisha uzito wa maji hayo na wa maji yasiyo na chumvi, kilisoma 1.021, ilhali tangi langu kubwa lilikuwa 1.025.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini si ndogo kwa samaki. Maji ya bahari ya kawaida yana chumvi kama gramu 35 kwa lita, na hiyo huonyesha karibu 1.026 kwenye kipimo. Ufukweni, hasa wakati wa masika na karibu na midomo ya mito, chumvi hupungua. Tena wako wauzaji wanaoipunguza kwa makusudi ili kuwadhoofisha vimelea. Ndiyo maana kusema “maji ya bahari” hakutoshi. Lazima pawe na namba. Siku hizi namwomba pia anijazie chupa ndogo ya maji yale yale, aifunge kwa gundi ya karatasi nje ya boksi, ili niyapime mwenyewe bila kuufungua mfuko.

Mimi nilianza na samaki wa Ziwa Nyasa, wale mbuna wenye rangi za kupendeza wanaopatikana kwenye miamba, na uzoefu huo ulinichelewesha kuelewa bahari. Samaki wa ziwani ana chumvi nyingi mwilini kuliko maji yaliyomzunguka, hivyo maji humwingia bila kualikwa, naye hukojoa sana ili ayatoe. Samaki wa baharini yuko kinyume. Chumvi ya mwili wake ni kama theluthi moja ya chumvi ya bahari, hivyo maji humtoka kupitia mashavu saa zote. Hulazimika kunywa maji ya bahari, kisha kuisukuma nje chumvi ya ziada kwa mashavu hayo hayo. Ukimpeleka kwenye chumvi pungufu kidogo, unampunguzia kazi. Ukimtoa kwenye 1.021 ukamtia kwenye 1.025 usiku huo huo, unamkausha akiwa amechoka na mashavu yameumia, na saa mbili za dripu hazitoshi mwili wake kujirekebisha. Kupandisha chumvi kunahitaji siku, si saa.

Huku kwetu yako mengine mawili ambayo watu wa pwani hawana haja ya kuyawaza. Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa iliyofungwa mfukoni pwani hutanuka kwa karibu sehemu moja ya tano inapofika hapa. Mfuko uliojazwa hadi ukakaza kama mpira wa miguu unapopanda mlima wa Kitonga njiani unaweza kuachia fundo, nami nimewahi kupokea boksi lililolowa. Mwombe muuzaji auache mfuko ulegee kidogo. La pili ni oksijeni: maji chumvi ya nyuzi 25 hushika kama miligramu 6.7 kwa lita pwani, lakini hapa hushika kama 5.5 tu. Kwa sababu hiyo tangi la karantini huwa na mawe mawili ya hewa yanayotoa mapovu tangu asubuhi, ingawa lita 60 zingetosheka na moja.

Boksi likifika, kwa kawaida saa 2 au saa 3 usiku, nazima taa na kuiacha mifuko ielee juu ya maji ya tangi bila kuifungua. Mwezi Juni na Julai nimekuta maji ya mfuko yako nyuzi 19, na hapo naiacha kwa dakika 40 hadi saa nzima. Miezi ya joto dakika 20 zinatosha. Wakati huo napima maji ya chupa, na kama hayalingani na tangi narekebisha tangi, kwa kuwa kupunguza chumvi kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yaliyochujwa ni kazi ya dakika chache. Halijoto ikilingana, nafungua mfuko mmoja, namtoa samaki kwa chombo laini na kumtia tangini bila kukawia. Maji ya mfuko namwaga. Nafanya hivyo kwa samaki tu. Kamba na viti vya pwani huumizwa na mabadiliko ya ghafla ya chumvi, hivyo hao wanahitaji matone ya polepole.

Kupandisha chumvi kunaanza siku ya tatu, baada ya samaki kula. Kiangazi chetu ni kikavu, na tangi hupoteza maji kila siku. Badala ya kujaza maji baridi, najaza maji chumvi, na kipimo hupanda kwa 0.001 hivi kwa siku bila samaki kushtuka.

Yule tasi aliyelala ubavu alipona. Alikula kipande cha mwani siku ya tano, na sasa ana urefu wa kiganja changu. Ijumaa wanakuja wengine wawili. Tangi la karantini linasoma 1.021, hita imewekwa nyuzi 25, na chupa nimeshaiagiza.