Hesabu ya Methusela

Jioni ya kesho yake ilikuwa zamu yangu kuongoza somo katika kikundi chetu cha Biblia, nami nilikuwa nimechagua gharika. Hakuna aliyenipangia. Moyo wangu ndio uliotaka maji. Mshirika wangu wa kazi wa miaka mingi alikuwa amechukua fedha tulizochanga pamoja, akaniachia madeni, na mwaka wa pili ulikuwa unakatika bila yeye kupatwa na lolote. Kila alfajiri niliamka na Zaburi ya 109, ile inayomwombea adui siku zake ziwe haba, nikaisoma nikiuona uso wake. Sikuona kosa. Lilikuwa Neno la Mungu, na kudhulumiwa nilikuwa nimedhulumiwa kweli.

Binti yangu alikaa nami mezani, amemaliza kazi zake za shule, anataka hesabu nyingine. Ili anipe nafasi ya kuandika, nikamtolea za Mwanzo 5: Methusela alikuwa na miaka 187 alipomzaa Lameki, Lameki alikuwa na 182 alipomzaa Nuhu, na katika sura ya 7, Nuhu alikuwa na 600 gharika ilipokuja. Jumlisha.

Akajumlisha. "969."

"Sasa rudi sura ya 5, tazama mstari wa 27, Methusela aliishi miaka mingapi?"

Akafuata mstari kwa kidole, kisha akanitazama. "Baba, ni ile ile. Kwa hiyo alizama?"

Nikamwambia Biblia haisemi. Labda alifariki kabla ya mvua, labda la. Mwaka ni ule ule. Akakubali, akafunga daftari, akaenda kulala. Mimi ndiye niliyebaki na hesabu.

Mwanzo haielezi maana ya jambo hilo, nami sipendi kuzilazimisha namba ziseme. Lakini sikuweza kulipita. Katika Biblia nzima hakuna mwanadamu aliyetajiwa maisha marefu kuliko huyo, na maisha yake yanafika hadi ukingoni mwa maji. Nikakumbuka 1 Petro 3:20, mstari nilioujua tangu mafundisho ya ubatizo, kwamba uvumilivu wa Mungu ulikuwa ukingoja siku za Nuhu, safina ilipokuwa ikitengenezwa. Siku zote macho yangu yalikwenda kwenye safina. Usiku ule yalikwama kwenye kule kungoja.

Nikafungua Yona, nikijua ninachokitafuta na nikikiogopa. Yona anakasirika kwa sababu mji wa Ninawi, aliotumwa kuutangazia hukumu, umepona, na kisa cha hasira yake anakitaja mwenyewe: alijua tangu mwanzo kwamba Mungu si mwepesi wa hasira. Analalamikia sifa ile ile ambayo Musa alitangaziwa mlimani katika Kutoka 34. Kisha nikapita Mika, nikaingia Nahumu, maana nilitaka kuona mwisho wa mji ule. Nahumu naye anaanza na maneno hayo hayo, Bwana si mwepesi wa hasira, ila anaongeza kwamba hatamwachilia mwenye hatia. Ninawi ile ile. Kitabu cha kwanza kinaisha kwa swali kuhusu watu zaidi ya 120,000 na wanyama wao wengi, je, nisiwahurumie? Cha pili nacho kinaisha kwa swali, ni nani ambaye uovu wako haukumpata? Mwaka 612 kabla ya Kristo mji ulianguka.

Basi hukumu ilikuwepo. Sikuipoteza usiku ule, na hata leo naishikilia. Aliyedhulumiwa akinyang'anywa tumaini la hukumu, anabaki na nini? Kilichonishika ni kingine.

Nikiwa kijana, marehemu baba alinipa fedha nimpelekee shangazi aliyekuwa mgonjwa. Nilizitumia, nikarudi nikasema nimezifikisha. Shangazi alifariki. Nilikaa na neno hilo miaka 11 kabla ya kumwungamia baba, na katika miaka hiyo niliimba kwaya, nikaoa, nikambeba mtoto wangu kumweka wakfu. Alfajiri ngapi zile! Na kama shangazi angekuwa na Zaburi ya 109 mkononi, akaisoma akiuona uso wangu?

Nilipiga magoti pale pale karibu na meza. Katika Luka 13 yumo mtunza shamba anayeuombea mtini usiozaa: uuache mwaka huu nao. Nilitaka kumwombea yule mtu kwa maneno hayo, nikalitaja jina lake, sauti ikakata. Nikajaribu tena, ikakata. Mwishowe nikaanza na jina langu. La kwake likatoka baada ya hapo, kwa shida, na nikalia kwa hasira huku nikilisema.

Kesho yake nilifundisha gharika kama nilivyoahidi. Nilianza na 187.