Wiki za Kufuga

Nywele zimefika pale ambapo mtu akikutazama anaanza na kichwa ndipo ashuke usoni. Juu ya masikio zimevimba, kisogoni zimejisokota, na mawimbi yenyewe, ile mistari ya nywele zilizolazwa kwa brashi, nayaona asubuhi tu ninapovua duragi, kitambaa ninachojifunga kichwani. Muda si mrefu joto la Dar linayafumua.

Mama alinitazama wee, halafu akaniita pembeni. "Baba, kama huna hela ya kunyoa si useme?" Nikamwambia nafuga. Hakuongeza neno, ila jana nilikuta noti ya elfu tano juu ya meza yangu. Nimeichukua.

Kazini nako ni vicheko. Sawa tu. Hizi ndizo wiki zenye kazi, ingawa hakuna anayeona kitu. Brashi haibadilishi nywele ya kipilipili, inailaza tu. Kila msokoto unalalia upande mmoja na wa jirani yake, mpaka ipatikane mistari. Nywele iliyotoka kunyolewa chini kabisa haina msokoto wa kulaza. Nywele inakua kama sentimita moja hivi kwa mwezi, ndiyo maana wanaojua mambo haya wanakaa wiki nne mpaka sita bila kupunguza. Ukija kukata, mashine inaondoa zile ncha zilizovimba juu, na kilicholala chini ndicho kinachobaki. Anayenyoa kila Jumamosi atapendeza kila Jumamosi, lakini mawimbi atayasikia kwa wenzake.

Utosini ndiko kwenye mtihani. Pale nywele zinazunguka, na brashi lazima ifuate mzunguko huo kabla ya kushuka: mbele kuelekea paji la uso, pembeni kuelekea masikioni, nyuma mpaka shingoni. Ukipitisha moja kwa moja kwa haraka, unapata kipande kilichosimama hovyo ambacho kila aliyekaa nyuma yako kwenye daladala anakiona, wewe hukioni. Kisogo nakifanyia kazi kwa vioo viwili, kimoja nimekiegemeza kwenye ndoo. Sasa hivi natumia brashi ngumu, kwa sababu zimerefuka na ile laini inapapasa tu juu juu. Nikishanyoa, ngumu inapumzika, maana itachubua ngozi.

Kinachonisumbua zaidi ni maji. Kwetu tunatumia ya kisima, yana chumvi, na yakikaukia kichwani nywele zinakakamaa. Kwa hiyo napaka shampuu, napiga brashi povu likiwa bado jingi, nafunga duragi, halafu namwagia maji juu yake ili mistari isivurugike. Jagi la mwisho ni la maji ya bomba, hata kama ni ya kununua.

Mafuta, kidogo. Kuna pomedi ya Murray's, ya kinyozi mmoja wa Chicago wa miaka ya 1920, nzito kwelikweli, na wapo wanaoiapia. Mimi kwa joto hili inaniteremkia mpaka kwenye nyusi, na vumbi la barabarani linanata juu yake. Maji kidogo na mafuta mepesi vinanitosha.

Duragi navaa ndani tu. Hata Marekani, ambako Wamarekani weusi ndio waliotuletea mtindo huu, imezua ugomvi sana. NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, iliwakataza wachezaji kuivaa uwanjani mwaka 2001. Huku hakuna aliyenikataza, ila siku niliyokwenda nayo dukani muuza duka alinipa pole, akidhani naumwa kichwa.

Leo nimepita saluni kuchongwa: paji, sharafa na shingo, basi. Kinyozi wangu ameshika mashine kubwa mkononi, ananitazama kwa huruma. "Kaka, hata kidogo tu?" Nikamkatalia. Namwamini kwa sababu anauliza. Vinyozi wengi wamezoea kupandisha mashine kutoka shingoni kwenda juu, inakwangua vizuri kweli, na kazi ya mwezi mzima inaishia sakafuni. Huyu wangu anashusha, anafuata nywele zinakolala, na akifika utosini anasimama kwanza kuangalia zinavyozunguka.

Mwisho wa mwezi tutakata namba mbili. Nikikuta foleni nitasubiri. Yule kijana wa kiti cha dirishani ni mcheshi, ana mikono myepesi na hana foleni kamwe, lakini kichwa changu simpi.