Daku la kumi la mwisho

Ule mpira wa jiko la gesi niliufunga mimi. Nianze na hapo, maana kwa miaka mingi watu wa mtaani kwetu Tandika wakisimulia habari hii husema "gesi ililipuka", kana kwamba hapakuwa na mkono wa mtu.

Ilikuwa mwaka 2013. Shangazi yangu, aliyenilea tangu darasa la tatu, alikuwa amechoka na moshi wa mkaa. Alipopokea zamu yake ya upatu akanunua mtungi wa kilo 15 na jiko la plati mbili, akaviweka kwenye kijichumba cha nyuma ambacho dirisha lake tulikuwa tumelizibia ubao kwa kuogopa vibaka.

Mwishoni mwa Shaabani mpira ukachanika pale unapoingia kwenye jiko. Akanipa hela nikanunue mwingine. Mpira wenyewe wa gesi, ule mzito wenye nyuzi ndani, ungemaliza hela yote. Nikaona nimpunguzie shangazi mzigo: nikachukua mita moja na nusu ya mpira wa kijani wa kumwagilia bustani. Ulikuwa mpana kidogo kuliko mdomo wa rigyuleta, kile kifaa kinachokaa juu ya mtungi, basi nikaubana kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, juu yake nikazungushia waya wa kufungia nondo na kuukaza kwa plaizi. Moto ukawaka wa bluu, umetulia. Nikamrudishia chenji. "Mikono yako ina baraka, baba," akaniambia.

Sikujua kwamba plastiki ile ikipitiwa na gesi hukakamaa na kupasuka. Wala sikujua kwamba ukizima swichi ya jiko peke yake, bila kufunga pale mtungini, mpira unabaki umejaa gesi usiku kucha. Sisi tulizima jiko tu, kila siku.

Usiku ule wa kumi la mwisho, yapata saa nne, nilisikia harufu kama ya mayai viza. Nikadhani ni ndoo ya taka. Nikaitoa nje, nikalala. Gesi ya kupikia yenyewe haina harufu. Ile mbaya huongezwa makusudi ili mtu ashtuke. Mimi ilinifikia, nikaisingizia taka.

Saa tisa shangazi akaamka kupasha daku. Luku ilikuwa imeisha, giza totoro. Na kipupwe kile kilikuwa kimempa mafua, pua imeziba kabisa. Akaingia jikoni akipapasa, akawasha kibiriti.

Nilisikia kishindo kizito, kama turubai kubwa linalokung'utwa mara moja. Ubao wa dirisha ulirushwa hadi uani kwa jirani. Nilipofika, moto ulikuwa chini. Hilo sijalisahau: uso wake mzima, nywele zake nzima, ila sakafu inawaka na miguu yake imo humo. Gesi ile ni nzito kuliko hewa, ilikuwa imetandaa sakafuni kama maji tangu tulipolala. Nikamvuta nje, nikamvua khanga iliyokuwa ikiwaka. Alichosema ni, "Watoto wako wapi?"

Jirani mmoja akaja mbio na dawa ya meno ampake. Mwingine, bibi aliyewahi kuwa muuguzi, akamshika mkono akamzuia. Akaagiza ndoo za maji, akawa anammwagia miguuni taratibu, bila kuacha, mpaka bajaji ilipopatikana. Hospitali walituambia maji yale yalimsaidia sana.

Alilazwa wiki sita. Siku ya Idi nilimpelekea pilau wodini. Miguu yake ilikuwa imefungwa bendeji kuanzia vidoleni hadi magotini. Nikashindwa kufungua hotipoti. Nikamweleza yote: mpira wa bustani, tyubu, waya, harufu ya saa nne.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Najua, mwanangu," akasema. "Nilikuona ukikata ile tyubu. Nikanyamaza. Chenji ile ndiyo niliyonunulia tende."