Sindano ya kidevuni, leza ya uso mzima

Chunusi ya kidevuni ilikuwa ngumu kama punje ya hindi chini ya ngozi, haina hata kichwa. Nikilalia upande huo, usingizi unakatika. Daktari wa ngozi alinichoma ndani yake tone la triamsinoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, iliyozimuliwa, miligramu 2.5 kwa mililita, kwa sindano nyembamba mno. Siku ya tatu nilipapasa, pametulia. Nililia kwa furaha.

Ila sindano haizuii chunusi nyingine kutoka. Na dawa ikizidi, ngozi hubonyea au kupauka mahali hapo. Kishimo changu kilichukua miezi mitano kujaa, na kila asubuhi nilikitazama kwa uchungu.

Leza ni kazi nyingine kabisa. Niliyofanyiwa mimi ni ya mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1726, aina iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2022 kutibu chunusi. Mwanga wake hufyonzwa na mafuta, hivyo joto huzilenga tezi zinazoyatoa. Rangi ya ngozi haiufyonzi sana, jambo lililonitia moyo mimi mweusi niliyezoea kuonywa kuhusu mabaka. Vikao 3, takribani mwezi mmoja kati ya kimoja na kingine. Iliuma, kama kuchapwa na utepe wa mpira. Baada ya kikao cha kwanza chunusi zilizidi kutoka, nikakaribia kuacha. Mwezi wa nne ndipo nilipoanza kuamka na uso mtulivu.

Tangu hapo nimechomwa sindano mara moja tu, kwa uvimbe wa shavuni, na safari hii nilimwomba daktari apunguze dawa.